Kasoro Ndogo, Mkipata Nafasi

Mimi mdomo ninao, sikatai. Nikiletewa chai imepoa nitasema imepoa, na mwenye mgahawa akinuna nitamwambia na hilo la kununa. Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alikuwa kinyume changu kabisa. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Nilikuwa nikimtania kwamba siku nyumba yake itakaposhika moto, atatoka nje kwanza awasalimie majirani, awaulize hali za watoto, halafu ndipo aombe ndoo ya maji, kama wana nafasi. Alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kongwa, na macho yake yalikuwa yanaisha. Vikope. Kwetu Ugogoni ugonjwa huo haumshangazi mtu: nzi, vumbi, maji ya shida, na kope zinageukia ndani zikikwaruza jicho mwaka hadi mwaka. Alipokuja kufanyiwa upasuaji, jicho la kulia lilikuwa limekwisha haribika, na la kushoto lilibakiwa na mwanga tu, yaani aliweza kujua dirisha liko wapi, basi. Bado alifundisha. Masomo ya darasa la nne alikuwa nayo kichwani, na watoto walimwogopa kuliko walimu wenye macho yao mawili, maana mchelewaji alimtambua kwa kikohozi chake kabla hajafika kwenye dawati. Kwa uso alikuwa mpole, lakini kwenye hesabu za sehemu hakuwa na mzaha na mtu.

Tatizo lilikuwa karatasi. Mwalimu lazima aandike andalio la somo kila siku, ajaze alama za wanafunzi, na mkaguzi akija ayaone yote. Kwa muda mrefu mwalimu mwenzake, rafiki yake wa siku nyingi, alimwandikia. Kisha ikaja miaka ile ya soko huria. Maduka yakajaa vitu, mashirika ya umma yakauzwa, na serikali ikawa inapunguza watu. Rafiki yake akahamishwa. Ofisi ya elimu ikamwita mama mdogo, ikamwambia kwa lugha nzuri kwamba haiwezi kuendelea kuweka walimu wawili kwa kazi ya mmoja, na kwamba atapumzishwa kwa sababu za afya, isipokuwa aonyeshe kuwa kazi za karatasi anaweza kuzifanya mwenyewe, bila kushikwa mkono. Wakampa nafasi mpaka ukaguzi wa mwaka uliofuata.

Alinieleza hayo akimenya karanga, kwa sauti ileile ambayo angenielezea bei ya chumvi. Niliyepandwa na hasira ni mimi. Hakuwa na mume, hakujaliwa kuzaa. Alikuwa na mimi na darasa la nne, na mimi nilikuwa nimekwisha hamia mjini. Wakimtoa darasani watambakishia nini? Nilimuuliza hivyo hivyo, bila kupamba. Akanipa kiganja cha karanga akasema nile kwanza.

Mjini Dodoma nilikuwa fundi katika chumba cha kompyuta cha chuo kimoja. Mashine zetu zilikuwa zimetumika Ulaya hadi zikachokwa, ndipo zikapandishwa meli pamoja na mitumba mingine. Programu za kununua hatukuwa na ubavu nazo. Tulitumia ule mfumo wa bure, unaotengenezwa na watu wanaojitolea kila pembe ya dunia, na huko ndiko nilikonasa. Sijui niseme vipi nilivyoupenda. Mfumo ule umegawanywa katika vifurushi, na kila kifurushi kina mtu wake anayekitunza. Mimi nilizoea kuwaita walezi. Mlezi halipwi. Ana kazi yake nyingine ya kumpa ugali, na akitoka huko ndipo anakaa na kifurushi chake. Ukiona kasoro, unaandika taarifa inayowekwa kwenye ubao mmoja mtandaoni ambao ulimwengu mzima unausoma. Unaeleza umefanya nini, kimetokea nini, halafu unataja uzito wake: kasoro nzito, ya kawaida, au ndogo. Walezi huanza na nzito. Ndogo hungoja, na zipo zilizongoja hadi aliyeziandika akasahau.

Ndani ya mfumo huo kulikuwa na programu inayosoma maandishi kwa sauti. Mtu asiyeona aliweza kuandika, akasomewa alichoandika, akarekebisha, akachapa kwenye karatasi. Ilisoma lugha za wenzetu. Ukiipa Kiswahili ilikuwa balaa tupu, padri mgeni siku yake ya kwanza ana nafuu. Basi nikajifunga kibwebwe. Nikaandika kanuni za matamshi, nikazifungasha, wale wakubwa wa mradi wakanikubalia, nami nikawa mlezi wa kifurushi cha sauti ya Kiswahili. Nikanunua kompyuta moja kuukuu, nikaipandisha basi la Kongwa nikiipakata mwenyewe, na mwalimu mkuu akatupa pembe ya chumba cha walimu.

Mama mdogo alijifunza kupiga taipu haraka kuliko nilivyotegemea. Na mara tu alipozoea, akaanza kuandika taarifa za kasoro. Huko kwao mtandao haukuwapo. Aliandika taarifa zake kwenye disketi, akamkabidhi kondakta wa basi, mimi nikazichukua stendi na kuzipeleka kwenye kafe moja ya intaneti karibu na soko la Majengo, ambako simu ikikubali kuunganika unashukuru Mungu. Sikumwandikia wala kumsahihishia. Kiingereza alikuwa nacho, cha shule ya misheni, kimenyooka kama rula. Ila adabu sasa! Kila taarifa ilianza na salamu. Anatumaini walezi na familia zao ni wazima. Huku sisi hatujambo, mvua bado. Halafu pole kwa kazi. Halafu, mwisho kabisa, kwa aya moja fupi, kasoro yenyewe, na maneno yake yaleyale: ni kasoro ndogo, mkipata nafasi. Mlezi mmoja wa huko ng'ambo aliwahi kuuliza kwa dhati kama mvua inahusiana na tatizo. Nilicheka peke yangu mle kafe hadi watu wakageuka.

Walimpenda lakini. Walizoea. Kuna waliokuwa wakimjibu kwa kumweleza theluji ya kwao. Walimwita mwalimu, kwa Kiswahili, neno hilohilo. Naye aliniuliza kila nilipokwenda, "Wale jamaa zangu wamesemaje?" Nami namsomea, naye anatabasamu akielekea dirishani.

Mwaka ule mfumo ulikuwa unajiandaa kutoa toleo jipya. Kabla ya kulitoa huwa kuna kipindi cha kugandisha kila kitu: hakuna kugusa tena isipokuwa kwa kasoro nzito. Mimi nilimwekea mama mdogo toleo la majaribio mapema, kwa sababu lile la zamani lilikuwa likikwama kwenye maandishi marefu, na ukaguzi ulikuwa unakuja. Nililiweka mwenyewe, nikaliwasha, nikalisikia linaongea vizuri, nikapanda basi kurudi Dodoma. Kumbe wakati wa kuwasha kulitokea kisanduku kidogo kwenye kioo kinachosema sauti imezimwa, bonyeza hapa kuifungua, na mkono wangu ukabonyeza bila hata kuniuliza. Ndivyo tulivyo sisi wenye macho. Visanduku vya aina hiyo tunavifukuza kama nzi.

Kifurushi hicho cha kufungua sauti hakikuwa changu. Kilikuwa cha mlezi mwingine, mtu wa nchi za baridi, mchapakazi, ambaye nilikuwa nikiandikiana naye mara kwa mara. Mama mdogo aliandika taarifa kwake. Niliipeleka mimi kwa disketi kama kawaida, nikaisoma kama kawaida. Salamu, mvua, pole. Kisha: sauti huchelewa kidogo kuamka mashine inapowashwa, lakini mtu akiigusa huamka. Ni kasoro ndogo, mkipata nafasi. Nikaelewa inachelewa. Mlezi naye akaelewa inachelewa. Akamshukuru mwalimu kwa wema wake, akaandika kwamba ataishughulikia baada ya toleo kutoka.

Na yeye mama mdogo hakuwa amedanganya. Kila asubuhi mwalimu mkuu alipopita kwenda kupiga kengele alikuwa akimbonyezea kile kisanduku, sauti inaamka, kazi inaendelea. Maisha yake yalikwisha kuwa hivyo: mtu amshike hapa, mtu amsogezee pale. Kusaidiwa kidogo hakukuwa tatizo machoni pake tena. Sikuliona hilo wakati ule, na hata ningeliona sijui ningelielezaje kwa mtu anayekaa kwenye theluji.

Siku ya ukaguzi nilikuwapo. Niliomba ruhusa kazini nikaenda, nikasimama mlangoni mwa chumba cha walimu na viatu vyangu vya vumbi. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mtulivu, aliyempa mama mdogo shikamoo ingawa cheo kilikuwa chake. Siwezi kumsema vibaya hata nikitaka, na kutaka nimetaka sana. Alimwomba aandike andalio la somo la kesho. Mama mdogo akaandika. Mashine ikawa inamsomea, kwa ile sauti yangu ya Kiswahili, naye anasikiliza kichwa kimeinama, anarudi nyuma, anafuta, anasahihisha. Mwalimu mkuu alikuwa akinikonyeza. Mkaguzi alivuta kiti karibu akasema, "Hee! Makubwa haya." Mimi moyo ulikuwa umenijaa, nikajua tumeshinda.

Umeme ukakatika.

Wala hatukushtuka, umeme kukatika ni jambo la kila siku. Tulikaa tukipiga soga. Mkaguzi alisimulia matatizo ya shule za huko alikotoka. Baada ya kitambo ukarudi, mashine ikaanza kunguruma, kioo kikawaka. Mama mdogo akaweka vidole kwenye vitufe akangoja. Kimya. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Kimya. Kile kisanduku kilikuwa kimesimama katikati ya kioo, cheupe, herufi kubwa, kila mtu mle ndani anakiona isipokuwa yeye.

Mwalimu mkuu aliinuka kwenda kubonyeza, kwa mazoea tu, na mkaguzi akamzuia kwa mkono. "Tumwache, mwalimu. Huwa anaiwasha mwenyewe?" Mwalimu mkuu alikuwa mlokole, uongo hauwezi. Akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia mama mdogo. Alikuwa bado anabonyeza, taratibu, bila fujo, na tabasamu la kumwomba radhi mgeni. Nikasema, "Mama, kuna kisanduku, ni kitu kidogo tu," na mkaguzi akasema kwa upole, "Naomba usimsaidie, binti."

Tulingoja muda mrefu. Sikumbuki mrefu kiasi gani. Nakumbuka watoto nje wakiimba jedwali la kuzidisha. Mwishowe mama mdogo aliondoa mikono kwenye vitufe, akaipakata. Akasema, "Samahanini. Leo imekuwa mkaidi kidogo." Mkaguzi akafuta miwani yake. Akaandika alichotumwa kuandika.

Walimpumzisha kabla ya muhula mpya. Wakamfanyia hafla, wakampa kitenge na blanketi, watoto wakaimba. Mwalimu mpya alikwisha fika, kijana mchangamfu, na mama mdogo akatumia wiki yake ya mwisho kumwelekeza yupi anachelewa na yupi anajua jibu lakini anaona haya.

Mimi nilirudi Dodoma. Nikaenda moja kwa moja kafe, nikaifungua ile taarifa kwenye ubao, nikaandika. Mdomo wangu mnaujua. Niliandika kwamba sauti haichelewi, sauti haiamki. Kwamba kisanduku chenu hakiwezi kubonyezwa na mtu asiyeona. Kwamba aliyewaletea taarifa hii ni kipofu, na kwa sababu ya kisanduku hicho amepoteza kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Hiyo ndiyo mnayoiita kasoro ndogo? Nikatuma, nikatoka nje, nikasimama juani karibu na wauza nyanya.

Jibu nililikuta kesho yake. Yule mlezi alikuwa ameacha kazi zake zote. Marekebisho ameyafanya siku ileile. Anasema yamemchukua muda wa kuchemsha chai, na kwamba hilo ndilo linalomtesa. Ameomba radhi mara nyingi mno kwa mtu wa kwao. Halafu ameuliza, wala si kwa kujitetea: kwa nini hakutuambia? Amerudia kusoma taarifa zote za mwalimu, tangu ya kwanza, na hakuna mahali popote alipoandika kwamba haoni.

Nikasema huyu mtu ana wazimu. Nikakaa nikazisoma na mimi, zote, nikilipia kafe saa baada ya saa. Salamu zipo. Mvua ipo, ilipokuja na ilipogoma. Kasoro zimeelezwa vizuri, neno gani lilitamkwaje. Kutoona hakupo. Nilikuwa nimezisoma mara ngapi, jamani, nikacheka, nikazituma, na sikuwahi kugundua! Nilifikiri ni ile adabu yake iliyopitiliza, ya kutotaka kuwasumbua watu na shida zake. Nikamkasirikia hata yeye.

Jumamosi nikapanda basi na toleo lililorekebishwa. Kompyuta ilikuwa imehamishiwa nyumbani kwake, juu ya meza ya kulia. Nikaweka, nikazima, nikamwambia awashe mwenyewe. Akawasha. Sauti ikaamka bila mtu kugusa kitu, ikamwamkia kwa Kiswahili safi. "Lo!" akasema, akapiga makofi mara moja. Nilijisikia angalau nimemletea kitu mkononi. Nikamwambia jamaa zake wamefanya kazi, na kasoro yake imepandishwa daraja, sasa imewekwa kwenye zile nzito kuliko zote. Hata kichwa cha taarifa kimebadilishwa, maana ni desturi yetu kichwa kiseme jambo waziwazi, ili walezi wengine wajifunze. Nikamsomea: Mtumiaji kipofu hawezi kuanzisha sauti bila msaada.

Alipapasa ukingo wa meza mpaka akapata kiti, akakaa.

"Wamejuaje?" akauliza.

"Niliwaambia mimi. Hukuwahi kuwaambia, mama. Ungewaambia mapema wangeirekebisha siku ileile. Kwa nini hukusema?"

"Hapa kijijini mimi ni yule mwalimu kipofu," akasema. "Sokoni, kanisani, ofisini kwao. Hata watoto nikipita nawasikia. Kule kwenye ubao nilikuwa mwalimu, basi. Nilitaka nibaki na mahali pamoja." Mashine ilikuwa bado inanguruma pale mezani. "Hicho kichwa, mwanangu, kinaweza kufutwa?"

Nimewaambia mimi mdomo ninao. Siku hiyo ulikauka. Ubao ule haufutwi. Ndivyo ulivyotengenezwa, hata kichwa kikibadilishwa tena, cha kwanza kinabaki chini yake pamoja na kila kilichoandikwa, ili mtu yeyote, popote, aje akisome. Niliishika mikono yake nikamwambia hakifutwi, mama, na kwamba wote wamekwisha kukisoma.